Injini Iliyofuta Mji wa Bibi

Kitaji, Musoma
Jumapili jioni

Wakuru mwanangu,

Umeenda Makoko kuaga rafiki zako na umeniachia sanduku sebuleni halifungiki. Nimelikalia, likafunga. Usilifungue tena kutafuta chaja, maana mimi sitalikalia mara ya pili. Nimeona niandike kabla hujarudi. Ukirudi utaanza kunitania, na mimi nitaanza kulia, na hakuna litakaloandikwa.

Habari za kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki sizigusi. Shangazi yako amezimaliza zote kwa simu, na nilikuona ulivyoiweka simu mezani ukaendelea kupiga pasi huku unaitikia. Mimi nataka kujibu swali lako la Ijumaa. Tulikuwa tunachambua dagaa, ukaniuliza: kule Dodoma, kwenye hiyo kampuni ya bima, wakishakukabidhi injini yao ya kanuni, siku ikikwama uanzie wapi. Nikakujibu uanze na chai. Ukacheka. Lile lilikuwa jibu kweli, ila ni kipande tu, na kipande kilichobaki kina aibu ndani yake, ndiyo maana sikukisema mbele ya dada wa jirani.

Unajua chama chetu cha ushirika wa pamba kilivyokuwaga kinagawa mbegu zamani. Karani wa ghala anamtazama mkulima usoni, anakumbuka kama walisalimiana vizuri kwenye msiba wa juzijuzi, kisha anapima. Viongozi wakachoka na lawama, wakaamua mbegu zigawanywe na kompyuta, na mimi mtoto wa Butiama niliyesomea mambo hayo nikaitwa. Nikawaeleza taratibu. Nyinyi semeni masharti yenu, kila sharti nitaliandika kuwa kanuni, halafu injini itachukua taarifa za mkulima, itazipitisha kwenye kanuni zote, itaamua apate nini na achukulie wapi. Mwenyekiti wetu, Mzee Mafuru wa Bunda, alisikiliza kwa makini sana, akauliza hiyo injini inakunywa dizeli kiasi gani. Nikamwambia hainywi dizeli kabisa. Akafurahi, akasema basi huo ni mradi wa kwanza wa chama usio na mtu wa kuiba dizeli.

Kikao cha kutunga kanuni kikafanyika Bunda. Mama yangu wee, nilikaa pale nikiwa na kompyuta mpya magotini, nimevaa ile suti ya bluu, najiona nimefika. Mjumbe wa kwanza akasema mkulima apate mbegu kulingana na ekari zake. Safi. Nikaandika. Wa pili akasema isipokuwa kama shamba liliingiliwa na tembo, huyo aongezewe. Nikaandika. Wa tatu akasema isipokuwa kama tembo walimkuta hayupo, amehamia Musoma kuuza duka mtaa wa Mukendo, huyo asiongezewe, tembo waliingia kwa uzembe wake. Wa nne akasema isipokuwa kama alihamia Musoma kuuguza mgonjwa. Hapo wa tatu na wa nne wakaanza kutazamana, kwa sababu kumbe walikuwa wanamzungumzia mtu mmoja, shemeji yao.

Mtu mwenye akili angefunga kompyuta, akawaambia waende kwanza wakapatane. Mimi niliwaambia wasiwe na wasiwasi, semeni tu, injini itaamua. Wakasema. Nikaandika kila kitu. Nilitoka Bunda nimebeba ugomvi wa watu wazima wa wilaya nzima, nikaenda kuupa mashine isiyomjua shemeji wa mtu.

Nikaandika kanuni zote kwa mkupuo mmoja, sikujaribu hata moja. Nilipomaliza nikabonyeza ili zikompailiwe, yaani mashine izisome, izigeuze ziwe lugha yake, ikikuta upuuzi ikatae. Ikakataa. Makosa yakashuka kwenye skrini kama mchele unaomwagika gunia likitoboka. Na mama yako, kwa ujuzi wake wote wa chuo, akaanza kuyasoma kutoka chini, kwa sababu ndipo macho yalipoishia. Narekebisha la mwisho, yanazaliwa mengine. Narekebisha hayo, la mwanzo kabisa liko palepale linanitazama. Kosa la juu ndilo lililoyazaa mengine yote. Sehemu moja nilikuwa nimeandika kaya, sehemu nyingine mji, kama tunavyosemaga sisi, na injini ilikuwa haijaambiwa mji ni nini. Siku nzima iliishia hapo. Kwa hiyo ukikuta makosa mengi, panda juu kalisome la kwanza, yaliyobaki yaache yapige kelele. Na andika kanuni moja, ikompaili, ijaribu, ndipo uandike ya pili. Utaonekana mzembe kazini. Acha uonekane.

Unamkumbuka Anko Bwire, mwenzangu wa ofisini Mukendo, fundi wa nyaya na mtandao. Ana moyo wa dhahabu, ila kwake kila tatizo duniani ni umeme. Binti yake alipofeli hesabu, Bwire alisema ni umeme, taa zilikuwa zinakatika. Sasa msimu wa kwanza ulipoanza, injini ikawa inafanya kazi lakini kwa uvivu wa ajabu. Karani akiingiza jina la mkulima, mkulima anaweza kutoka ghalani, akanunua muhogo wa kukaanga, akaula, akasalimia watu, akarudi, jibu halijaja. Bwire akasema ni umeme, unaingia mdogo. Akaleta stabilaiza. Hakuna kitu. Akasema basi seva imepata joto. Tukanunua feni, tukaielekeza kwenye seva, sisi wenyewe tukawa tunatoka jasho kwa ajili yake. Hakuna kitu. Mzee Mafuru akasikia, akatuletea katekista aiombee. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa, nikasema amina kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nilikuwa sijui pa kwenda.

Unajua ilikuwa nini? Nilikuwa nimeandika programu kwa namna ambayo kila mkulima akija, injini inakompaili kanuni zote upya, kitabu kizima, tembo na shemeji na wote, halafu inamjibu yule mmoja, halafu inatupa kila kitu. Akija anayefuata, inaanza tena. Ni sawa na kuitisha kile kikao cha Bunda, na soda zake na posho zake, kila mtu mmoja anapobisha hodi. Kanuni zinakompailiwa asubuhi mara moja, zinakaa, watu wote wanapita humohumo. Nilibadilisha mistari michache tu. Injini ikaruka. Bwire akasema unaona, feni imesaidia, na mpaka leo ile feni haizimwi.

Kulikuwa na nyingine, ya undugu. Wajumbe walitaka karani asimhudumie ndugu yake, wazo zuri kabisa. Nikaandika injini ilinganishe kila karani na kila mkulima, na ndugu wa mkulima, na waliooleana nao. Ilianza kufikiria asubuhi, saa ya chakula bado inafikiria. Ilipomaliza, ikatoa jibu kwamba hakuna karani hata mmoja Bunda nzima anayeruhusiwa kumhudumia mtu yeyote. Na haikukosea, Wakuru. Hapa kwetu ukikaa na mtu ukanywa naye uji, kabla hamjamaliza kikombe mmeshajikuta ni wakwe. Nikapunguza, nikaiambia ianze na kijiji cha mkulima, kisha imtazame karani wa kijiji hicho peke yake, na undugu uishie kwa baba, mama na ndugu wa tumbo moja. Injini ikikushinda kwa uzito, tazama kama hujaituma itafute ulimwengu mzima wakati jibu liko kwenye kijiji kimoja.

Hayo ni ya kuchekesha na nimeyasimulia kwenye harusi nyingi. Hili linalofuata sikulisimulia.

Ilikuwa msimu uliofuata. Mvua ilikuwa imeshapiga, ardhi imelowa vizuri, watu wanataka mbegu sasa hivi, maana pamba ikichelewa kuingia ardhini umechelewa nayo mpaka mwisho. Tukapitisha orodha za Bunda, zikaenda. Tukaingiza orodha ya Butiama kwa mara ya kwanza, injini ikasimama. Haikutoa kosa wala haikuzima. Seva inanguruma, haitoi jibu. Ghala la Butiama limejaa mbegu, mlango umefungwa, watu wamesimama nje wanatazama mawingu. Mzee Mafuru ananipigia simu kila baada ya muda mfupi, anauliza kama tulete katekista.

Nikafungua logi, mahali injini inapoandika kila inachofanya. Nikakuta kanuni mbili zinapokezana bila kuchoka. Ya kwanza niliiandika ili kuwasaidia makarani wanaosahau kujaza fomu: mtu mwenye mke, jinsi yake ni mwanamume. Ya pili inasema jinsi ifuate kitambulisho. Kulikuwa na mwanachama mmoja, namuona kwa namba tu, ambaye ana mke na kitambulisho chake ni cha mwanamke. Kanuni ya kwanza inamfanya mwanamume. Ya pili inaona si sawa, inamrudisha mwanamke. Ya kwanza inaona taarifa zimebadilika, inaamka tena, inamfanya mwanamume. Tangu asubuhi mtu huyo alikuwa anageuzwageuzwa, na injini ingeendelea hivyo mpaka pamba ichanue kwa wenzetu.

Nikasema karani amekosea kujaza. Sikutazama jina. Nakuandikia polepole hapa ili ulisome polepole: nilikuwa na namba mbele yangu, jina lilikuwa kubonyeza mara moja tu, na sikubonyeza, kwa sababu simu ilikuwa inaita na nilikuwa na haraka ya kuwa hodari. Nikaweka sharti kwamba kanuni ikishamgusa mtu mara moja isimrudie. Kitambulisho kikawa cha mwisho kusema, mtu akabaki mwanamke. Kisha kanuni ya tatu, nayo yangu, ikasema mwanamke hana mke, ikaukata ule uhusiano. Yule mke akabaki hana wa kumshika, na kaya ikawa haina kichwa, ikafutwa. Yote hayo yalitokea upesi sana, kimya kimya. Orodha nzima ya Butiama ikapita kabla Bwire hajafika na stabilaiza.

Nilisifiwa. Mzee Mafuru alisema mbele ya watu kwamba mwanamke huyu ni kichwa. Mchana ule nikajinunulia sato mzima wa kukaanga na ugali, nikala peke yangu kwa raha, nikanawa. Nilipokuwa najifuta mikono simu ikalia, namba nisiyoijua, na sauti niliyoijua kabla sijazaliwa.

Ilikuwa Bibi yangu Wakuru, uliyerithi jina lake na ulimi wake. Alikuwa ameazima simu ya mtu pale ghalani Butiama. Bibi huwa hasalimii kwenye simu, anaona ni kupoteza vocha ya mwenye simu. Akasema, "Kijana wako hapa ana kibao cha kioo, ananiambia sina mji. Njoo umwoneshe."

Unaijua nyumba yetu, lakini nakuandikia kama ilivyo tangu mwanzo, ili siku moja ukiwasomea wenzako wa Dodoma wasipotee. Bibi Wakuru hakujaliwa mtoto. Mumewe akafa, mji ukabaki na ng'ombe na mwanamke mmoja. Bibi akafanya inavyofanywa kwetu: akatoa ng'ombe, akaoa. Tunaitaga nyumba ntobhu. Alimwoa Nyamisi, mama yangu, bibi yako huyo anayekuletea karanga, ili azae watoto wa mji ule. Akanizaa mimi. Nimekulia kwenye mji ambao mwenye mji ni mwanamke na mkewe ni mama yangu, na pale Butiama hakuna aliyewahi kunitazama mara mbili kwa sababu hiyo. Watoto wenzangu walinicheka kwa miguu yangu myembamba. Kwa hilo hakuna aliyenicheka.

Na ni mimi, mwanangu. Si mgeni aliyekuja na ndege, si mtaalamu wa Dar ambaye hajawahi kula kichuri, ile nyama chungu ya kwetu. Ni mimi niliyekaa na suti ya bluu nikaandika kwamba mwenye mke ni mwanamume, nikaona ni jambo dogo la kujaza nafasi. Hata sikuwa naona aibu ya kwetu, laiti ingekuwa hivyo ningekuwa na la kujitetea. Sikuwaza tu. Nilipoketi mbele ya kompyuta nilikuwa nawaza kama kitabu cha chuo, na kitabu cha chuo hakijawahi kukaa Butiama.

Nikampakia Bwire kwenye gari la ofisi, naye akapakia stabilaiza na waya mrefu wa kuongezea, maana alisema kule umeme ni wa kubahatisha. Njia nzima mvua inatunyeshea. Tukakuta watu wamejibanza chini ya bati la ghala. Bibi ameketi juu ya gunia la mbegu lisilo lake, fimbo katikati ya magoti, na mama yangu amesimama pembeni amejifunga kitenge kichwani. Karani, kijana wa watu, alikuwa ametoa jasho na mvua yote ile. Alikuwa amemweleza Bibi kwamba mfumo unakubali kuwa yeye yupo, na unakubali kuwa Nyamisi yupo, ila hawahusiani.

Nikapiga goti nikasalimia. Bibi akaitikia, kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Huyu nimekaa naye tangu kabla hujazaliwa. Leo kama hatuhusiani, wewe umetoka wapi?"

Watu wakacheka. Hata mama alicheka, akaziba mdomo kwa kitenge. Nikafungua kompyuta juu ya magunia, nikaingiza namba yake ya uanachama, na ilikuwa ni ileile. Namba niliyoitazama asubuhi nzima, inageuzwa mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Yule mtu niliyesema ni kosa la karani alikuwa Bibi, na asubuhi yote injini ilikuwa inaniuliza swali. Ilikuwa inasema mambo yako mawili hayapatani, mama, njoo uamue. Mimi nikaiziba mdomo.

Hilo ndilo nililotaka kukuandikia kuliko yote. Injini inayozunguka bila kutoa jibu inaudhi, lakini haijamwumiza mtu bado. Inayojibu haraka na kukosea inafuta miji ya watu, na wewe uko hotelini unakula sato. Ukiona kanuni mbili zinagombana, usikimbilie kuinyamazisha mojawapo. Bonyeza jina. Mjue ni nani anayegombaniwa, halafu ndipo ushike kanuni. Kule kwenye bima watakuletea namba tupu, mtegemezi nambari fulani amekataliwa. Kuna mama wa mtu nyuma ya ile namba, amekaa juu ya gunia.

Basi pale ghalani nikafanya nilichopaswa kufanya asubuhi. Niliomba chai kwanza. Mama yangu akaniletea kwenye kikombe cha bati, nikanywa yote nikiwa nimeketi, bila kugusa kitu, na watu wote wananitazama. Chai inakunyima nafasi ya kubonyeza jambo la kijinga kwa haraka. Kisha nikaichukua kaya ya Bibi peke yake, nikaacha orodha nyingine zote, nikawasha kanuni moja, nikatazama, nikawasha ya pili, nikatazama. Zilipogongana nikaziona kwa macho. Ile ya mwenye mke nikaifuta kabisa. Ile ya mwanamke hana mke nikaifuta pia, na niliifuta kwa hasira. Nikaandika moja tu mahali pake: mkuu wa kaya ni yule ambaye kaya yenyewe imemtaja. Fomu ya Bibi ilikuwa inamtaja tangu mwanzo. Nafasi ya kujaza haikuwahi kuwa tupu, mimi ndiye niliyekuwa najaza juu ya maandishi ya watu.

Nikabonyeza zikompailiwe, zikakataa. Bwire akasogea na waya wake, akaninong'oneza kwamba ni umeme. Nikapanda juu nikasoma kosa la kwanza: kanuni nyingine ilikuwa bado inaitegemea ile niliyoifuta. Nikairekebisha, nikabonyeza tena, ikakubali. Nikapitisha Butiama yote upya, na haukurudi mji wa Bibi peke yake. Karani akawa anasoma majina kwenye kibao chake, na kila jina likisomwa kuna ajuza anainuka kwenye msongamano na mkewe nyuma yake. Kumbe walikuwa wameambiwa kama Bibi alivyoambiwa, wakajikalia kimya, wengine walishaanza kuondoka kwa miguu kwenye mvua. Kijana mmoja akatumwa na pikipiki kuwawahi barabarani. Tukawapata wote, na mbegu zikaenda shambani ardhi ikiwa bado imelowa. Lakini nilikesha siku nyingi baadaye nikiwaza ingekuwaje kama Bibi angekuwa si mtu wa kuazima simu.

Bibi hakuniambia pole wala asante. Alitaka aone maandishi yenyewe, eti asije akadanganywa mara mbili. Nikamgeuzia kompyuta, nikamsomea kilichoandikwa. Mkuu wa kaya, Wakuru. Mke, Nyamisi. Chini yake palikuwa na mstari mwingine. Mtoto wa kaya, na jina langu.

Nilikuwa mtu mzima na nyumba yangu Kitaji, na wewe tayari unavaa sare za sekondari. Kanuni ilikuwepo ya kumtoa mtoto kwenye kaya akishakua na kupata kwake. Nikaitazama nikaelewa. Niliiandika ianze kwa kumtafuta baba wa kaya, kisha iwapitie watoto wake. Kwenye mji wa Bibi hakuna baba wa kaya. Injini inafika, inamtafuta, haimpati, inaniacha palepale nilipo. Lilikuwa kosa lilelile langu, upande wake mwingine. Mbegu zinafuata ekari, haziangalii watoto, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa, ila kosa ni kosa. Nikamweleza Bibi kwamba hapa pia nimeharibu, na jina langu nilitoe, mimi nilishahama.

Bibi akanitazama kama vile nimemtukana mbele ya wageni.

"Umehama lini? Mimi sina habari hiyo."

Nikafunga kompyuta. Wajumbe hawajui, Mzee Mafuru hajui, Bwire akijua atasema ni umeme. Tangu siku ile nimezipitia kanuni zile mara nyingi, nimezisafisha, nimewafundisha vijana wazisafishe, na hiyo moja siigusi. Kila msimu injini inapita Butiama, inatafuta baba wa mji, inamkosa, inaniacha.

Sasa sikiliza. Mimi nami ni mwanachama, kwa ajili ya kale kashamba ketu ka pamba, na kaya yetu ya Kitaji imo humo ndani. Tangu baba yako atutoke haina baba. Wiki hii, baada ya barua yako ya kazi kuja, niliifungua kaya hiyo nikaitazama. Mkuu wa kaya ni mimi. Chini yake mtoto ni mmoja, mtu mzima, ana kazi, ana chumba amekodi Dodoma. Kwa kanuni zote ungekuwa umeshatoka.

Umo. Na fundi wa hiyo injini ni mimi, na sina habari kwamba umehama.

Mama yako